Nasaha kwa Walimu Wanaoanza Kusomesha

 

Mfunguo Mosi ndio mwezi ambao madrasa zetu nyingi za pwani hufungua mwaka mpya wa masomo, na kila mwaka hutokea vijana, wanaume kwa wanawake, waliokwisha kusoma mbele ya masheikh zao, wakatakiwa sasa washike darasa la watoto. Baadhi yao wamekuja katika darsa yetu kutuuliza. Masuala yao yalikuwa na sura mbalimbali, walakini asili yake ilikuwa moja: waogopa. Mmoja aogopa watoto wasimsikize. Mwengine aogopa kuulizwa asilolijua. Mwengine aogopa wazazi. Na binti mmoja aliyehifadhi Qur'ani yote alisema kwamba kusoma mbele ya mwalimu wake miaka yote ile kulikuwa kwepesi kuliko kusimama saa moja mbele ya watoto 40. Tumeona tuyaandike hapa tuliyowajibu, yapate kuwafaa na wengine, na wazazi nao wayasome, kwani wana fungu lao katika jambo hili.

Yapasa ifahamike kwanza kuwa hofu hii si aibu, wala si dalili ya kuwa mtu hafai. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni hakujibu kwamba yu tayari. Qur'ani yatuhadithia katika Sura Taha kwamba aliomba apanuliwe kifua chake, na asahilishiwe jambo lake, na lifunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wayafahamu maneno yake, kisha akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake. Mwenye kuyatazama maombi haya ataona kuwa ndizo haja za mwalimu mpya hasa: subira, wepesi, ulimi unaofahamika, na mwenziwe wa kumtegemea. Wala Musa hakukemewa kwa kuomba, alipewa alichokiomba. Kijana asiyekuwa na hofu hata chembe ndiye wa kumtilia shaka, kwani huenda hajafahamu ni kitu gani anachokabidhiwa.

Wako wanaosema, "Sisi wenyewe bado twasoma, vipi tutasomesha?" Hawa twawakumbusha habari ya Malik bin al-Huwayrith (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Yeye na wenziwe walikuwa vijana wa marika yaliyokaribiana, wakaja Madina wakakaa kwa Mtume nyusiku 20. Mtume alipoona kuwa wamewatamani watu wao aliwauliza habari za waliowaacha nyuma, kisha akawaamrisha warejee kwao wakawafundishe, na waswali kama walivyomwona yeye akiswali. Nyusiku 20 tu! Hawakuambiwa wangoje mpaka wawe maulamaa. Na tazama pia upole uliomo ndani ya kisa hiki: Mtume aliona nyuso zao zimekumbuka nyumbani kabla wao hawajasema neno. Mwalimu anayejua kusoma nyuso za wanafunzi wake amekwisha kupata nusu ya kazi.

Lakini kisa hiki kisitumiwe pasipo mahali pake. Wale vijana hawakutumwa wakafundishe wasiyoyajua. Walitumwa wakafundishe waliyoyaona kwa macho yao. Basi nawe fundisha ulichokijua vyema, na usichokijua sema hukijui. Imepokewa kwamba Imam Malik bin Anas, Imam wa Madina, aliulizwa masuala 48, na katika 32 kati yake akajibu kwamba hajui. Ikiwa yeye hakuona haya, wewe waona haya mbele ya mtoto wa miaka 9? Mtoto huyo hatakudharau ukimwambia, "Hili nitakwenda kulitazama, kesho nitakujibu." Atakudharau kesho ikifika usimjibu, maana watoto husahau somo lakini hawasahau ahadi.

Ama jambo kubwa tunalotaka kulisema ni hili. Hofu yenyewe haina dhara. Dhara limo katika kile anachokishika mwalimu akiwa na hofu, na katika miji yetu kilicho karibu na mkono wake ni bakora. Mwalimu wa siku nyingi hana haja nayo sana. Huwatazama watoto tu wakanyamaza. Ni yule mpya, ambaye sauti yake yatetemeka na watoto wa nyuma wacheka, ndiye aonaye kuwa fimbo itamsitiri. Na kweli siku ile humsitiri. Darasa zima hunyamaza kimya, naye akadhani amefuzu. Hajui kuwa amenunua kimya cha siku moja kwa bei ambayo mtoto ataendelea kuilipa miaka mingi.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameweka katika Mukaddima yake mlango mzima juu ya madhara ya kuwafanyia wanafunzi ukali. Aeleza kuwa mwanafunzi aliyelelewa kwa nguvu nafsi yake husinyaa na uchangamfu wake huondoka, akawa mvivu, tena akajifunza kusema uongo na kufanya hila ili aepukane na mkono wa mwenye kumpiga, mpaka yakawa hayo ndiyo tabia yake. Twaomba kila mwalimu ayafikiri maneno haya. Mtoto ameletwa madrasa afundishwe ukweli na uaminifu, na kwa ajili ya bakora akatoka humo amefundika uongo!

Husemwa, "Sisi tulipigwa, na tukasoma." Jawabu ni kuwa wanaosema hivyo ni wale waliobaki. Waliokimbia hawakuulizwa. Pita katika mitaa yetu, Mji wa Kale au Majengo au kokote, utamkuta mtu mzima mwenye biashara yake na wajukuu, ambaye katika kisomo hukaa nyuma akitikisa midomo tu, kwa sababu hawezi kuusoma msahafu. Ukimwuliza kwa faragha ilikuwaje, aghlabu hatakwambia kuwa hakuwa na akili. Atakutajia mwalimu na siku. Mtu huyu hukimbilia mbali kila akialikwa katika darsa, na watu wakamsema kuwa hapendi dini. Dini aipenda, aogopalo ni kurudi mahali alipoaibishwa.

Tena wako wanaodhani kwamba kukatazwa bakora ni mambo yaliyoletwa na Wazungu. Hawa hawajatazama vitabu vya wanavyuoni wao, wala hawajakumbuka ya jana: skuli za serikali ya kikoloni nazo zilikuwa zikipiga watoto kwa fimbo. Muhammad bin Sahnun wa Kairouan, aliyefariki mwaka 870, alitunga kitabu maalumu juu ya adabu za walimu, na humo kupiga kumewekewa mipaka: kusizidi mara tatu ila kwa idhini ya mzazi, na kusiwe kwa hasira ya mwalimu. Nani katika wanaopiga leo aliyewahi kujipima kwa mipaka hii? Mwenye kupiga hupiga kwa sababu amekasirika, na akishakasirika hajui tatu ni ngapi.

Na katika Kenya jambo hili halikuachwa kwa hiari ya mtu. Bakora iliondolewa katika skuli kwa amri ya serikali mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, ikamlinda kila mtu asiadhibiwe kwa kupigwa, pawe ni mahali pa serikali au pa watu binafsi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu za mwilini pamoja na za kumtesa mtoto moyoni. Katiba haikusema "ila madrasa." Mwalimu kijana na alijue hili kabla hajasukumwa na mzazi anayemletea mwanawe na kumpa ruhusa ya kumpiga apendavyo. Ruhusa ile haimkingi mbele ya kadhi wala mbele ya hakimu, na likitokea la kutokea mzazi yule yule ndiye atakayekwenda kushtaki.

Basi akiweka bakora chini ashike nini? Hili ndilo suala la haki, na mwenye kukataza bila ya kuonyesha njia hajasaidia.

Mtume (S.A.W.) alimtuma Mus'ab bin Umayr (R.A.) kwenda kuwafundisha watu wa Madina kabla ya Hijra, naye alikuwa kijana. Siku moja ameketi na watu wanasoma, akatokea Usayd bin Hudhayr, mmoja katika wakubwa wa mji, na mkuki mkononi, akimtukana na kumtaka aondoke. Mus'ab hakupandisha sauti. Alimwambia aketi asikilize. Likimpendeza alikubali, na asipolipenda wao watajizuia na hilo analolichukia. Usayd aliona hiyo ni insafu, akauchomeka mkuki wake ardhini, akaketi. Na siku hiyo hiyo akasilimu. Sasa, kijana anayechekwa na watoto wa dawati la nyuma hajakabiliwa na mkuki. Ajifunze kwa Mus'ab mambo mawili: kwamba sauti ya chini huteremsha sauti ya mwenzio, na kwamba mtu, hata akiwa mdogo, ukimfanyia insafu huketi.

Na Muawiya bin al-Hakam (R.A.), kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, alisema maneno ndani ya swala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho na kujipiga mapaja ili anyamaze. Baada ya swala Mtume hakumkaripia, wala hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba swala haifai kutiwa maneno ya watu. Muawiya mwenyewe ashuhudia kuwa hajapata kuona mwalimu mzuri kama yeye, kabla yake wala baada yake.

Nguvu ya Mus'ab, hata hivyo, haikuwa upole peke yake. Alikuwa anajua atakalolisema. Walimu wengi wapya huingia darasani na kitabu mkononi, wakakifungua mbele ya watoto, wakaanza kutafuta walipofika jana. Dakika hizo mbili za kutafuta ndizo zinazovunja darasa. Mtoto hana subira ya kumngoja mtu mzima apekue kurasa. Andaa somo usiku. Liandike katika daftari lako, liwe na mambo mawili au matatu, wala lisizidi, na uyajue kwa moyo hata ukisahau daftari nyumbani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amehesabu katika wadhifa za mwalimu kwamba asimpe mwanafunzi kile ambacho akili yake haijakifikia. Kijana aliyetoka kusoma vitabu vikubwa hutamani kuonyesha alichonacho, akawasomea watoto wa miaka 7 khitilafu za madhehebu katika kuosha miguu. Watoto hao wataka waonyeshwe jinsi ya kutia udhu, na kila mmoja apewe kopo la maji ajaribu.

La pili ni majina. Yajue majina yote katika juma la kwanza. Ukimwita mtoto kwa jina lake kabla hajafanya makosa, atajua kuwa umemwona, na aghlabu hatayafanya. Ukimwita "wewe wa kofia nyekundu," atajua kuwa kwako yeye ni kofia.

La tatu lataka kuelezwa kwa urefu kidogo. Zamani katika vyuo vyetu kila mtoto alikuwa na ubao wake wa kuandikia, akaandikiwa sehemu yake kwa wino, akaisoma mpaka akaijua, kisha ukaoshwa akaandikiwa nyingine. Mmoja yuko katika herufi, mwengine yuko katika irabu, mwengine ameingia juzuu ya Amma, na wote wako ukumbi mmoja. Mwalimu alimsikiliza kila mmoja peke yake, akajua amefika wapi. Yalipokuja madarasa na madawati na ubao wa ukutani tulipata kheri nyingi: nidhamu, wakati maalumu, vitabu vilivyopangwa, na wasichana wakapata nafasi ambayo wengi wao hawakuwa nayo. Sisi ni katika wanaoyatetea mambo haya. Lakini yapasa tuseme kweli kuwa kuna kitu tulikiacha chuoni. Mwalimu leo husoma aya, na watoto 40 wakaitikia kwa sauti moja, na sauti ile ni tamu, mpita njia akasikia akafurahi. Ndani yake mna watoto 10 wasiojua herufi moja. Wanafuata mdomo wa jirani. Mwaka ukisha wamepanda darasa la juu, na huko mwalimu akagundua kuwa hawajui, akaona ni watukutu.

Kwa hivyo, baada ya kuitikia, keti. Waite watoto wanane au 10 kila siku, mmoja mmoja, uwasikilize kwa masikio yako, na wengine waandike. Kwa juma moja utakuwa umewasikia wote. Mtoto anayejua kuwa zamu yake yaja hana nafasi ya kucheza, nawe hutakuwa na haja ya kumtisha. Na utamgundua yule ambaye si mvivu bali haoni ubao, au hasikii vyema, au ametoka nyumbani bila ya chakula. Sote twaijua Sura Abasa na sababu ya kuteremka kwake, kipofu Ibn Ummi Maktum alipokuja kutaka kufundishwa wakati ambao wakubwa wa Makureshi walikuwa wakisemezwa. Mtoto anayeketi nyuma kimya ndiye Ibn Ummi Maktum wa darasa lako. Mwana wa tajiri anayelipa ada kwa wakati hahitaji kutafutwa, atakuja mbele mwenyewe.

Watoto wetu hutoka skuli wamechoka. Wengi huanza masomo asubuhi mapema, wakarudi alasiri, wakabadilisha nguo, wakaja madrasa mpaka Magharibi. Na Jumamosi na Jumapili nazo zina zake. Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi, alipoombwa awawaidhi kila siku alikataa kwa kuchelea kuwachosha, akasema kuwa Mtume alikuwa akichunga vivyo hivyo kwa masahaba zake. Watu wazima, masahaba na wanafunzi wao, walichelewa uchovu. Je, mtoto wa miaka 8 saa kumi na moja ya jioni? Kata somo katikati. Wasimamishe, wanyooshe viungo. Wahadithie kisa cha Nabii mmoja kwa Kiswahili safi wanachokifahamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, angeweza kuandika kwa Kiarabu na akasifiwa na maulamaa wenziwe. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu alitaka kufahamika.

Wala kijana asione kuwa kusomesha watoto ni daraja ya waliokosa kazi. Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912–1982), aliyeifasiri Qur'ani nzima kwa Kiswahili na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968, alikuwa mwalimu wa skuli kwao Unguja.

Limebaki la Harun. Musa aliomba msaidizi, na walimu wetu wapya wengi hawaombi, huona haya. Mwombe mwalimu mkongwe akuruhusu uketi nyuma ya darasa lake siku mbili tatu kabla hujaanza, utazame anavyoingia, anavyosimama, anavyomjibu mtoto mkaidi. Kisha naye aje kwako. Mudiri wa madrasa anayemfungulia kijana mlango wa darasa siku ya kwanza, kisha asimtazame tena mpaka mtihani, ndiye wa kulaumiwa darasa likiharibika.

Na sasa tuwageukie wazazi, maana walimu hawawezi kusema haya wenyewe. Mwalimu wa madrasa ana nyumba ya kulipia na watoto wa kulisha. Wako wanaosema kwamba afundishe kwa ajili ya Mungu, na neno hili ni la haki lililotumiwa kwa batili, kwani wanaolisema hawaendi dukani kuchukua unga kwa ajili ya Mungu. Katika Bukhari imo hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) inayoonyesha kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni katika vitu vinavyostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Twaona harusi zetu, siku tatu za karamu na nguo za sare, na mwenye harusi huyo huyo anadaiwa ada ya madrasa ya miezi minne. Walimu wazuri hutuacha wakaenda kuuza maduka, nasi tukashangaa kwa nini darasa limepewa mtoto wa miaka 17 aliyeachwa peke yake na bakora.

Madrasa zitakapofunguliwa, mzazi na ampeleke mwanawe mwenyewe, asimtume na jirani. Amtajie mwalimu jina la mtoto, na maradhi yake ikiwa anayo, na kama haoni mbali amweleze. Amwambie mwalimu wazi kwamba hataki mwanawe apigwe, na kwamba akifanya utovu wa adabu yeye mzazi aitwe, atakuja. Na ada ya mwezi wa kwanza ailete siku hiyo hiyo, mkononi, apewe stakabadhi.